Hataza: Korogwe iliachiwa jina la ugonjwa

Kuna ugonjwa wa mkonge ambao wanasayansi duniani wanauita kwa jina la mji wetu: madoa ya Korogwe. Jani linashika madoa, nyuzi zinapoteza ubora, mwenye shamba anabaki kuhesabu hasara. Ukisoma maandishi ya kitaalamu kuhusu mkonge, lazima ukutane na Korogwe. Kwa ugonjwa.

Mkonge bora kuliko wote uliozalishwa katika mkoa huo huo wa Tanga haukupewa jina la Korogwe, wala Muheza, wala Tanga yenyewe. Ulipewa namba. 11648.

Nimeanza na hilo makusudi. Nataka kuongelea sheria ya hataza, na najua fika kwamba ningeanza na neno "hataza" nusu yenu mngeniacha njiani. Hataza ni nini? Ni haki ambayo dola inampa mvumbuzi, kwa miaka maalumu, ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze uvumbuzi wake bila ruhusa. Naye kwa upande wake anaueleza uvumbuzi huo hadharani, ili muda ukiisha kila mtu autumie. Hayo ni makubaliano kati ya mvumbuzi na umma. Na kama ni makubaliano, basi umma nao lazima uulizwe. Au siyo?

Kila mara suala la kurekebisha sheria hii na ofisi inayoisimamia linapoibuka, tunasikia kwamba "wadau" wataitwa kutoa maoni. Wadau hao kwa kawaida ni mawakili, maofisa wa wizara, watu wa vyuo vikuu, kampuni kubwa na wahisani. Ukumbi ni wa hoteli Dar es Salaam au Dodoma. Mimi swali langu ni dogo tu: je, Korogwe na Handeni ni wadau? Nasema ndiyo, na nitajaribu kuonyesha kwa historia. Miaka zaidi ya 100 eneo hili limekuwa likitoa vitu ambavyo dunia imevifanyia biashara, na limekuwa likipokea vitu vya wengine pia. Hadithi ina pande 2, na nitazieleza zote.

Tuanze na ua

Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliona kiua kidogo cha zambarau kwenye miamba yenye kivuli katika eneo la Usambara. Akatuma mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akakipa jina la kisayansi, Saintpaulia. Yaani ua limepewa jina la familia ya ofisa. Wajerumani wenyewe angalau wanaliita urujuani wa Usambara. Wazungumzaji wa Kiingereza wanaliita urujuani wa Afrika, bara zima.

Mwaka 1927 kampuni moja ya maua ya Los Angeles ilichagua aina 10 kutokana na mbegu zilizotoka Ulaya, na hapo ndipo biashara ilipolipuka. Miaka 3 baadaye, mwaka 1930, Marekani ilipitisha sheria ya hataza za mimea, ikiwa nchi ya kwanza kuruhusu mtu kumiliki aina ya mmea kwa namna hiyo. Tangu wakati huo aina kadhaa za ua hilo zimepatiwa hataza huko Marekani. Lipo madirishani mwa nyumba za watu Ulaya na Amerika, limekuwa moja ya maua ya ndani yanayopendwa sana duniani. Huku nyumbani, kwenye misitu ya Usambara, baadhi ya jamii zake za asili zimo hatarini kutoweka kwa sababu kivuli kinakatwa.

Sasa, usinielewe vibaya. Mtu aliyekaa miaka akichanganya maua mpaka akapata rangi mpya kafanya kazi, na kazi hiyo ina thamani. Lakini malighafi ilitoka wapi? Na katika mgawanyo huo wa thamani, aliyetunza msitu alipata nini? Mwaka 1892 swali hilo hakuliuliza mtu yeyote. Hakukuwa hata na mahali pa kuliuliza.

Mkonge: tuliochukua na tuliochukuliwa

Hapa ndipo pande 2 zinapoonekana. Mkonge si mmea wetu. Asili yake ni Mexico, upande wa Yucatán. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Safari ilikuwa ndefu, na ilipofika Tanga miche iliyokuwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 likazaliwa jeshi zima la mkonge unaoliona ukipita na basi kutoka Segera kwenda Mombo, mistari kwa mistari mpaka macho yanachoka.

Watu wa Yucatán hawakulipwa chochote kwa miche ile. Kwa hiyo, kabla hatujalalamika kwamba tumeibiwa, tukubali kwamba utajiri mkubwa wa Tanganyika ulijengwa juu ya mmea wa watu wengine. Mwaka 1964 tulizalisha zaidi ya tani 230,000 za nyuzi, tukiwa wa kwanza duniani.

Mkonge wa kawaida una matatizo yake. Unatoa majani kama 250 hivi katika maisha yake kisha unachipua mlingoti, unakufa. Watafiti walitaka kitu bora. Kazi ya kuchanganya aina ilianzia Amani, katika kituo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kisha ikaendelea Mlingano, kituo cha utafiti wa mkonge kilichopo Muheza. Walichukua aina 2 za jamii ya mkonge, moja yenye majani mapana ya kibuluu iliyopewa jina la Amani kwa sababu ndipo ilipotambuliwa, nyingine ngumu isiyokufa haraka. Wakachanganya, wakachanganya tena. Miche mingi ikatupwa. Mmoja ukabaki: 11648. Unaweza kutoa majani 600, na pembeni hauna miiba ya kumchana mkataji.

Na mkataji huyo alikuwa nani? Wengi walikuwa manamba. Neno lenyewe linajieleza: watu waliopewa namba. Walitoka Kigoma, Songea, Msumbiji, Rwanda na Burundi. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwaajiri, iliyojulikana kama SILABU. Wajukuu wao wako Korogwe mpaka leo, wanaongea Kiswahili cha Tanga kuliko mimi. Huwa nafikiria sana jambo hili: katika mashamba yale mtu alikuwa na namba, na mmea nao ukawa na namba. Tofauti ni kwamba namba ya mmea imeandikwa katika vitabu vya sayansi.

Mkonge 11648 haukuwa na hataza. Katika miaka ya 1960 ukapelekwa China, ukastawi, na ukawa ndio aina kuu inayolimwa katika mikoa ya kusini kama Guangdong na Guangxi. Sisi baada ya mwaka 1964 tulianza kushuka. Nyuzi za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967 na baadaye mengine yakageuka vichaka. China ikaendelea kulima na kutafiti, kwa mmea uliozaliwa Tanga.

Je, ingekuwa bora tungeuwekea ulinzi? Wapo watakaosema ndiyo, tungekula mrabaha mpaka leo. Mimi sina uhakika huo hata kidogo. Hataza ya miaka ya 1950 ingekuwa mali ya nani? Utafiti wa mkonge uligharimiwa na serikali ya kikoloni na chama cha wenye mashamba, walowezi kwa sehemu kubwa. Namba 11648 ingekuwa mali yao. Mkataji wa Magunga asingeona senti.

Muhogo wa Amani

Mfano wa 3 unanifurahisha zaidi, na unagusa Handeni moja kwa moja. Handeni ni nchi ya mahindi na muhogo. Mvua ikigoma, mahindi yanakufa na muhogo ndio unaobakiza watu mezani. Sasa muhogo una maadui 2 wakubwa: batobato, linalokunja na kudumaza majani, na michirizi ya kahawia, inayooza kiazi chini kwa chini huku juu mmea unaonekana mzima.

Ugonjwa huo wa michirizi ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, mtafiti aliyekuwa Amani. Yeye na mwenzake R. F. W. Nichols walifanya jambo la ajabu kidogo. Walichukua muhogo wa kawaida wakauchanganya na mti wa mpira, ule ambao Wajerumani waliuleta Tanga kwa ajili ya utomvu. Akina mama wanaupikia mboga, ndio kisamvu cha mpira. Wakapata mmea unaostahimili magonjwa lakini viazi havina maana, kama mizizi ya mti. Wakaurudisha kwa muhogo tena, na tena. Kazi hiyo ilichukua karibu miaka 20.

Mwaka 1956 mbegu za muhogo wa Amani zikapelekwa Nigeria. Kutokana nazo ikapatikana aina iliyokuja kuwa chanzo cha mihogo stahimilivu ya taasisi ya IITA huko Ibadan kuanzia miaka ya 1970. Mihogo hiyo ikasambaa Afrika nzima. Mamilioni ya watu wamekula, na wanaendelea kula, kazi iliyoanzia kwenye mlima ambao ukiwa Korogwe unauona kwa macho. Hataza? Hakuna. Mrabaha? Hakuna. Mtu alipeleka mbegu kwa mwenzake, basi.

Hapo ndipo ninapokwama kila ninapokutana na mtu anayesema kwamba bila kulinda uvumbuzi kwa sheria hakuna atakayevumbua. Muhogo wa Amani unasema vingine. Lakini muhogo wa Amani ulilipiwa na serikali, na watafiti walikuwa na mishahara. Fundi wa Handeni hana mshahara. Kwa hiyo tusikimbilie jibu moja.

Sheria yenyewe ilitoka wapi

Turudi kwenye vitabu. Mwaka 1931 serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya kuandikisha hataza Tanganyika. Jina linasema kila kitu: kuandikisha. Ofisi ya Dar es Salaam haikuwa ikipokea uvumbuzi na kuupima. Ilikuwa ikiandikisha hataza ambazo tayari zilikuwa zimetolewa Uingereza. Maana yake, kama wewe ni fundi wa Korogwe na umebuni kitu, ilikubidi kwanza upate hataza London, ndipo uje uiandikishe kwenu.

Utasema huo ni ukoloni, ulikwisha mwaka 1961. Subiri. Bunge letu lilipitisha sheria mpya ya hataza, Sheria Namba 1 ya mwaka 1987, na ikaanza kutumika mwaka 1994. Hesabu mwenyewe. Kwa zaidi ya miaka 30 baada ya Uhuru, katika kipindi chote cha Azimio la Arusha, vijiji vya ujamaa na kujitegemea, mlango wa hataza wa Mtanzania ulikuwa bado unapitia London. Tulitaifisha mashamba ya mkonge mwaka 1967, lakini sheria ya kumiliki mawazo tukaiacha kama ilivyo.

Sheria ya 1987 haikuwa mbaya. Iliweka hataza ya miaka 10 inayoweza kuongezwa, na ilitaka mwenye nayo aonyeshe kwamba uvumbuzi wake unafanyiwa kazi nchini. Iliacha nje aina za mimea na wanyama. Iliweka pia cheti cha aina nyingine kwa ajili ya ubunifu mdogo mdogo usiofikia kiwango cha hataza kamili. Mawazo mazuri kabisa ya watu waliotaka viwanda.

Lakini ilipoanza kutumika mwaka 1994, dunia ilikuwa imeshabadilika. Tarehe 1 Januari 1995 Shirika la Biashara Duniani lilianza kazi, likiwa na mkataba wake wa haki za ubunifu. Mwaka 1999 mambo 3 yakatokea kwa mpigo. Tanzania ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza. Ikajiunga na Itifaki ya Harare, inayoiruhusu ofisi ya ARIPO iliyoko Zimbabwe kutoa hataza zenye nguvu hapa kwetu. Na mwezi Desemba mwaka huo BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, ikazinduliwa na kuchukua kazi hiyo. Zanzibar ina sheria yake, ya mwaka 2008, na ofisi yake, kwa sababu jambo hili si la Muungano.

Matokeo yake? Sehemu kubwa ya hataza zenye nguvu Tanzania hupitia Harare, na waombaji wengi ni kampuni za nje. Safari ya zamani ilipitia London, ya sasa inapitia Harare. Fundi wetu bado hayupo kwenye foleni.

Hati au hataza?

Kwenye pitapita zangu Handeni nilikaa na fundi mmoja wa kuchomelea pale Chanika. Ametengeneza mashine ya kupukuchua mahindi inayozungushwa kwa baiskeli. Nilimwamkia, tukaongea mahindi, tukaongea bei ya vyuma, halafu nikamuuliza kama amewahi kufikiria hataza.

"Hati? Shamba langu halijapimwa mwanangu."

Nikamweleza kwamba siyo hati ya shamba, ni haki ya uvumbuzi. Akasikiliza vizuri tu. Kisha akanionyesha kwa kidole upande wa pili wa barabara. "Yule pale ameshaiga. Na mimi niliiona kidogo kwa mtu wa Korogwe, nikaongeza hii gia. Sasa nani amshitaki nani?"

Hilo ndilo swali ambalo ningependa lifikishwe kwenye ukumbi wa hoteli. Ufundi wa mitaani kwetu unakua kwa kuigana na kuongezeana. Ukimpa mmoja hataza, unaweza kuua karakana 5. Usipompa chochote, atakayefaidi ni mwenye mtaji atakayekuja na kamera ya simu, apige picha, akatengeneze 1,000 kiwandani. Huyu mzee anahitaji nini? Pengine ni kile cheti cha ubunifu mdogo, kwa ada ndogo na kwa muda mfupi. Pengine ni mkopo tu. Atajuaje, na wataalamu watajuaje, kama hakuna aliyemuuliza?

Kuna jambo jingine. Sheria inataka uvumbuzi uwe mpya. Ukiuonyesha hadharani kabla ya kuomba, sifa hiyo unaweza kuipoteza, ukiacha misamaha michache. Na serikali hiyo hiyo inawahimiza mafundi wapeleke kazi zao Nane Nane na Sabasaba! Mtu anaonyesha, anapigiwa makofi, pengine anapewa na kikombe, kumbe anajifungia mlango. Nani alimwambia?

Sindano ya Korogwe

Sasa niende kwenye jambo zito zaidi, maana hapa tunaongelea watoto.

Korogwe kuna maabara ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Watafiti wake walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria inayoitwa RTS,S. Kampuni ya GSK na jeshi la Marekani walianza kuiunda chanjo hiyo mwaka 1987. Ndiyo, mwaka ule ule Bunge letu lilipopitisha sheria ya hataza. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa Kilifi, Kenya, na Korogwe: watoto 894 wa miezi 5 hadi 17, na chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 53 katika kipindi kilichofuatiliwa. Yakafuata majaribio makubwa kati ya 2009 na 2014, watoto 15,459, vituo 11 katika nchi 7. Tanzania vilikuwa 2: Bagamoyo na Korogwe. Ufanisi kwa muda mrefu ulikuwa mdogo kuliko ule wa mwanzo, lakini tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza. Chanjo ya kwanza ya malaria katika historia ya binadamu.

Binafsi naona Korogwe ingetakiwa kujivunia kwa sauti. Wazazi walibeba watoto mgongoni, wakarudi kliniki mwezi hadi mwezi, watoto wakatolewa damu. Bila wao hakuna chanjo.

Chanjo hiyo ni mali ya nani? Hataza na ujuzi wake ni wa kampuni na washirika wake. Kuwa mkweli, GSK iliahidi kuiuza kwa gharama ya kuitengeneza pamoja na faida ndogo ya kama asilimia 5, ya kurudishwa kwenye utafiti. Na mwaka 2021 ilitangazwa kwamba utengenezaji utahamishiwa kwa kampuni ya Bharat Biotech. Mwaka 2023 ikapendekezwa chanjo ya 2, R21, ya Chuo Kikuu cha Oxford, inayotengenezwa na Serum Institute. Zote 2 hizo kampuni ziko India. Majaribio Afrika, viwanda India.

Mzazi wa Korogwe alipewa fomu ya ridhaa. Fomu za namna hiyo zinahusu sindano, damu, madhara na haki ya kujitoa. Suala la bei ya baadaye, la nani atatengeneza na wapi, ni la meza nyingine. Hiyo meza nyingine ndiyo sheria ya hataza, na ndiyo maana nasema mzazi huyo ni mdau.

Tunaweza kujadiliana tukitaka. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kutengeneza vyandarua vya Olyset vyenye dawa ndani ya uzi, kwa teknolojia ya kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani, bila kulipia mrabaha. Ajira zikawa Arusha. Hataza haikuwa ukuta pale, kwa sababu watu walikaa wakazungumza.

Na sheria za dunia zinatupa nafasi. Nchi maskini zaidi, Tanzania ikiwemo, zimeruhusiwa zisilinde hataza za dawa hadi mwaka 2033. Uganda iliitumia nafasi hiyo waziwazi, ikaiandika katika sheria yake ya mwaka 2014. Sisi bado ni wanachama wa mfumo wa Harare unaotoa hataza za dawa pia. Je, tunajua tunachokifanya, au tumejisahau?

Kuuliza watu, tunaweza

Mtu ataniambia hataza ni somo gumu mno kwa mwananchi wa kawaida. Hapana. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi kuuliza kuhusu vyama vingi. Asilimia kama 80 walisema tubaki na chama kimoja, tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na sababu ikazieleza. Wakati huo huo tume ya ardhi ya Profesa Issa Shivji ilifanya mamia ya mikutano vijijini na mijini, watu wakasema yaliyokuwa rohoni. Sheria za ardhi za mwaka 1999 ziliacha nje mapendekezo mengi ya tume hiyo, lakini kumbukumbu ipo. Leo mtu anaweza kufungua ripoti akasema: tuliambiwa, tukapuuza. Hata hilo lina faida yake.

Angalia majirani. Kenya ilipitisha sheria ya mali ya viwandani mwaka 2001, iliyoruhusu kuingiza dawa za bei nafuu kutoka nchi nyingine hata kama zina hataza. Kipindi hicho dawa za UKIMWI za mwaka mmoja zilikuwa zikiuzwa zaidi ya dola 10,000, mpaka Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilipojitokeza na bei ya dola 350. Mwaka 2002 marekebisho yakachomekwa kimya kimya, yakitaka mwenye hataza atoe idhini kwanza. Wagonjwa, madaktari na wanaharakati wakagundua, wakapiga kelele, na kifungu kikarekebishwa mwaka huo huo. Watu walioishi na virusi walisoma sheria ya hataza kwa sababu maisha yao yalikuwa ndani yake. Ugumu wa somo haukuwazuia.

Na hapa kwetu, tarehe 6 Julai 2015, mji wa Arusha ulitoa jina lake kwa itifaki ya ARIPO ya kulinda aina mpya za mimea. Mashirika ya wakulima ya Afrika yalikuwa yakipinga kwa miaka kadhaa, yakihofia haki ya mkulima ya kutunza mbegu na kumgawia jirani. Novemba mwaka huo Tanzania ikajiunga na UPOV, mkataba wa kimataifa wa jambo hilo hilo. Kumbuka muhogo wa Amani: uliifikia Afrika nzima kwa kugawiana. Mkulima wa Kwamsisi au Mazingara anaomba vipando kwa jirani, hafungui mkataba. Sheria inayogusa mazoea hayo ilistahili kujadiliwa chini ya mwembe wa kijiji chake.

Kwa hiyo, kama mtaulizwa

Mimi sina rasimu ya sheria mfukoni. Nina mambo machache ambayo kwa maoni yangu historia hii inatudai.

Kwanza lugha. Tangu mwaka 2021 sheria inasema Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama. Basi rasimu yoyote ya hataza itoke kwa Kiswahili kinachosomeka, pamoja na fomu zake, na ofisi iwe na mtu wa kumsaidia fundi kuandika maelezo ya uvumbuzi na madai yake. Huduma za mtandaoni, ambazo BRELA imezipanua tangu 2018, hazimsaidii mtu asiyejua aandike nini kwenye kisanduku.

Pili mahali. Mkutano mmoja Korogwe, mmoja Handeni, kati yake ni kilomita kama 65 za lami. Waitwe mafundi, waganga wa miti shamba, wakata mkonge, wakulima wa muhogo, wauguzi wa Magunga. Wasiitwe kupewa semina na soda. Waitwe waseme, na yaandikwe.

Tatu asili. Mwombaji wa hataza inayotokana na mmea, mdudu au maarifa ya waganga wetu aseme amevitoa wapi na kwa ruhusa ya nani. Ua la Usambara limeshakwenda, hatulirudishi. Lililobaki msituni bado tunaweza kuliwekea masharti.

Nne dawa. Itamkwe waziwazi kama tunaitumia nafasi ya hadi 2033 au hatuitumii, na kwa nini.

Tano, na hili ni kwa sisi wasomi wa mijini: tuache kudhani kila kitu kikilindwa ndiyo maendeleo. Mkonge tuliupata kwa sababu miche 62 haikuwa na mwenyewe wa kuizuia. Muhogo tuliutoa bila kudai kitu, na sijaona aliyejuta. Kuna vya kufunga na kuna vya kuacha wazi, na kuchagua kipi ni kipi ni siasa, siyo utaalamu peke yake.

Safari nyingine ukisikia redioni kwamba wadau wamekutana kujadili sheria ya hataza, uliza mambo 2 tu: wamekutana wapi, na waliongea lugha gani. Majibu hayo 2 yatakuambia sheria itakayotoka itakuwa ya nani.